Mahali Anapolala Mwokaji

Kuna uchovu wa kulala ukaisha, na kuna ule wa kuamka nao. Mfuaji wa hospitali alikuwa na huu wa pili. Aliamka nao alfajiri, akaenda nao kazini, akarudi nao jioni, na mambo yalikuwa hivyo kwa muda mrefu hata akasahau mtu asiyechoka anatembeaje.

Kazi yake ilikuwa mashuka. Yalishushwa kutoka wodi zote hadi chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, ambako dirisha lilikuwa moja na mvuke haukujua pa kutokea. Mashine moja ilikuwa nzima. Nyingine ilikuwa ya fundi kuja kuitazama na kutikisa kichwa. Kwa hiyo mashuka mengi yalipita mikononi mwake: kuloweka, kusugua, kusuuza, kukamua, kuanika, kukunja. Hapo kwenye kukunja ndipo alipojipatia jina. Alikunja mara tatu kwa urefu, mara tatu kwa upana, kisha pembe ya mwisho akaichomeka ndani ya mkunjo, na shuka likakaa vile hata ukilirusha upande wa pili wa chumba. Wauguzi wakamwita Pembe. Hakujali, maana kazini hapo kulikuwa na watu walioitwa vibaya zaidi.

Mume wake alikuwa mwokaji mikate wa zamu ya usiku. Pembe aliondoka nyumbani kabla mume hajarudi, na jioni alipoingia, mume alikuwa anafunga viatu atoke. Walikutana mlangoni.

"Umeshindaje, mama watoto?" mume aliuliza, ingawa mtoto walikuwa naye mmoja tu, tena yuko shule ya bweni.

"Salama. Umelala?"

"Nimelala."

"Haya, kazi njema."

Ndoa yao yote ilikuwa imebaki hapo kwenye kizingiti, na wala hawakuwa wamegombana. Mtu akigombana angalau ana nguvu za kugombana.

Kila alfajiri, kabla ya kutoka, Pembe alimtandikia mume kitanda. Alivuta shuka likanyooka, akachomeka pembe zake chini ya godoro, akaacha chai kwenye chupa na mkate umefunikwa. Mkate wenyewe ulikuwa wa mume. Kule kiwandani kila mwokaji alikuwa na alama yake, ili mikate ikiungua ijulikane wa kulaumiwa ni nani, na alama ya mume ilikuwa kubonyeza kidole gumba kwenye ncha ya mkate kabla haujaingia tanurini. Binti yao alipokuwa mdogo aligombania ile ncha yenye kidole cha baba. Siku hizi ilikauka mezani, hakuna wa kuigombania.

Sasa, mfuaji ni mtu wa kutazama vitambaa. Jioni moja aliporudi, mume keshatoka, Pembe alikaa kitandani avue viatu, akaona pembe za shuka ziko vilevile alivyozichomeka asubuhi. Akainama akaangalia upande wa pili. Vilevile. Kesho yake tena, na keshokutwa, na wiki iliyofuata. Kitanda hakijalaliwa, na mtu anasema mlangoni, macho makavu kabisa, kwamba amelala.

Akamweleza dada yake, na hapo ndipo alipokosea, kama kukosea ni kumweleza dada. Dada mtu alikuwa karani wa mapokezi hospitali hiyohiyo, na kazi ya mapokezi ilikuwa imemzoesha kujua ugonjwa wa mtu kabla hajafungua mdomo.

"Mdogo wangu," dada alisema, "mwanamume asiyelala kwake analala kwa nani?"

"Labda anachelewa kazini."

"Mikate inaokwa usiku iliwe asubuhi. Mchana anaoka nini, matofali? Na hizo Jumamosi?"

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku pekee ya Pembe kupumzika, yaani siku ya kufua nguo za nyumbani, na kila Jumamosi mume alisema ana zamu ya ziada. Kilichomuuma zaidi si huyo mwanamke wa kuwaziwa. Kilichomuuma ni kwamba hakupata hata nguvu za wivu. Aliwaza tu kwamba mahali fulani mjini kuna mtu mume wake anapumzika kwake, na mtu huyo si yeye.

Wakakubaliana ahamie kwa dada. Bila kelele, bila kikao cha ukoo. Nguo zake alizihamisha kidogokidogo, kwenye ule mfuko wake wa kazini, gauni leo, sketi kesho, na asiyejua angedhani ni nguo za kufua. Ilibaki mizigo ya mwisho na neno la kuaga. Dada alitaka liishe wiki hiyo.

Basi Jumamosi dada akamburuta kwenye matembezi.

Matembezi yale yalikuwa ya wafanyakazi wa hospitali, na kiongozi wake alikuwa mtaalamu wa viungo aliyeitwa Twende-Twende, kijana wa watu asiyejua kwamba binadamu wengine wana miguu ya kuazima. Kila Jumamosi, jua likianza kulegea alasiri, aliwatoa kwenye geti la hospitali, akawapitisha nyuma ya karakana na ghala la saruji, mpaka mji unakatika ghafla na jangwa linaanza: mchanga, mawe, na vilima vya miamba ambavyo watu wa mji waliviona kila siku na hakuna aliyewahi kuvihitaji. Njia ilizunguka machimbo ya zamani ya kokoto kisha ikarudi. Hakukuwa na cha kuona, na Twende-Twende alisema hiyo ndiyo faida yake, mtu anatazama anakokwenda.

Dada alitembea na kuongea kwa pamoja, kipaji hicho alikuwa nacho.

"Jumatatu unaleta vilivyobaki. Jumanne unamwambia. Mlangoni hapohapo, si ndiko mnakoonana?"

"Sawa."

"Usiseme sawa kwa sauti hiyo. Jikaze kisabuni."

"Dada, mimi na sabuni tunashinda wote kila siku. Nimejikaza mpaka nimeisha."

Walipofika machimboni, kiatu kilikuwa kimemchubua kisigino. Pembe akakaa juu ya jiwe kwenye kivuli cha mwamba, akasema wao waendelee, watamkuta hapo wakirudi. Dada alitaka kubaki naye. Pembe akamwomba asibaki, akamwomba mara ya pili kwa sauti iliyomfanya dada anyamaze, na wenzake wakaenda zao, sauti ya Twende-Twende ikipungua nyuma ya kilima.

Kimya kilichobaki kilikuwa kikubwa. Mfuaji alishika tama, akatazama mchanga, akawaza Jumanne. Ndipo alipowaona njiwa. Walikuja kutoka upande wa mjini, wakapita juu yake, wakazama katikati ya miamba miwili kama nguo zinazodondoka kutoka kwenye kamba. Hawakutoka upande wa pili. Akangoja. Wakaja wengine, nao wakazama palepale. Halafu upepo ukageuka kidogo ukamletea harufu aliyoijua kuliko jina lake, harufu ya maji. Maji ya bomba yana harufu ya chuma. Haya yalikuwa na harufu ya tope baridi na majani.

Akavua kiatu kinachomchubua, akakishika mkononi, akaenda.

Ufa ulikuwa mwembamba, na kwa mbali ulionekana kuwa kivuli tu. Aliingia kwa ubavu, akijiambia kwamba mtu mwenye akili timamu hafanyi hivi, akapinda pembe, akapinda nyingine, na ardhi ikateremka. Kisha kuta za mwamba zikafunguka.

Mitende. Mitende ya kweli, mirefu, yenye makuti yaliyokauka chini na mabichi juu, na katikati yake bwawa dogo la maji meusi kwa usafi, ukubwa wa chumba cha kulala. Maji yalichuruzika kutoka kwenye mpasuko wa jiwe, yakaingia bwawani bila fujo. Ukingoni kulikuwa na majani mabichi. Kulikuwa na kivuli na baridi, na njiwa walimtazama kidogo, wakaendelea kunywa.

Pembe akalia. Hakulia kwa huzuni wala kwa furaha. Alilia kwa sababu kulikuwa na mahali pazuri hivi, karibu hivi, miaka yote hii, naye amekuwa chini ya ardhi na mashine mbovu. Akakaa, akatia miguu majini, na maji yakampokea mpaka kwenye vifundo.

Alipofuta macho ndipo alipoona gunia.

Lilikuwa gunia la unga wa ngano, lile la kitambaa cheupe, limepasuliwa ubavuni na kutandikwa juu ya mchanga chini ya mtende. Lilikuwa chafu. Upande wa kichwani palikuwa na aproni kuukuu iliyoviringwa kuwa mto. Na juu ya jiwe bapa kando yake, iliyodonolewa na ndege, ncha ya mkate. Akaisogelea. Ndege walikuwa wamekula karibu yote, lakini kidole gumba kilikuwa bado kipo.

Kwa hiyo ni hapa. Kwa hiyo humleta hapa.

Akatafuta alama za huyo mwanamke kwa bidii ambayo hakuwa ameiona mwilini mwake kwa miezi. Kitana, nywele, kibanio, ganda la tunda, chochote. Hakuna. Gunia lilikuwa moja, na mto ulikuwa mmoja. Akaliinua gunia, na mchangani chini yake palikuwa na shimo la mwili mmoja tu, bega hapa, nyonga hapa, magoti yamekunjwa kuelekea ukutani. Alilijua lile umbo. Alilala nalo miaka mingi kabla ya zamu hizi. Mume wake alilala vile, ubavu wa kushoto, magoti juu, kama mtu anayeogopa kuchukua nafasi ya wengine.

Alikuwa anakuja kulala. Basi. Mtu mzima, mume wa mtu, alikuwa anavuka jangwa asubuhi akitoka tanurini ili apate usingizi.

Na Pembe akakumbuka. Akamkumbuka fundi wa vyuma aliyefungua karakana yake nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta na chumba chao, ambaye mashine yake ya kukata chuma ilianza kulia watu wakishaenda kazini na kunyamaza wakirudi. Mwanzoni mume alilalamika. "Silali, mama watoto. Kichwa kinataka kupasuka." Naye Pembe, siku hiyo mikono yake imechubuka, alimjibu, "Mwenye mchana mzima wa kulala analalamika kwangu?" Mume hakulalamika tena. Wakati ule Pembe alidhani amezoea.

Hasira ikampanda sasa, tena hasira nzuri, yenye afya. Alimkasirikia kwa kumficha mahali kama hapa. Yeye anakufa kwa uchovu, mwenzake ana mitende! Ana maji! Ana njiwa! Akalikamata lile gunia, akaliloweka, akalisugua kwa mchanga na kwa ngumi, akisema nalo. "Analala. Bwana mkubwa analala. Mimi nakamua, yeye anachapa usingizi." Akafua na aproni pia. Akakamua mpaka vikapiga kelele, akavianika juu ya mwamba wenye jua. Kisha nguvu zikamwisha, akajilaza kwenye lile shimo la mchanga, magoti juu. Lilimtosha. Akalala.

Hakuota kitu. Alipoamshwa na sauti ya dada ikimwita huko nje, kwa woga, jua lilikuwa limeingia nyuma ya miamba na vitambaa vimekauka zamani. Akavikunja haraka, akaviweka chini ya mtende, jiwe juu yake, akatoka ufani kwa ubavu.

"Ulikuwa wapi? Tumekutafuta! Twende-Twende keshaanza kutetemeka, anafikiri ameua mtu!"

"Nilienda haja."

"Saa zote hizo?"

"Dada, na mimi nina haja zangu."

Alishangaa jinsi alivyolinda siri ya mtu ambaye yeye mwenyewe alipanga kumwacha Jumanne. Walikuwa wamekaribia ghala la saruji alipokumbuka mikono yake ilivyofanya, akasimama katikati ya njia. Alikuwa amekunja lile gunia mara tatu kwa urefu, mara tatu kwa upana, na pembe ya mwisho akaichomeka ndani.

Jumapili jioni aliporudi kutoka kazini, mume hakuwepo mlangoni. Alikuwa ametoka mapema. Kitanda kilikuwa na pembe zake zote. Pembe alikaa juu yake na roho juu. Aliogopa, na hofu hiyo ilimweleza jambo ambalo dada na mapokezi yake wasingeweza kumweleza. Hakutaka kuondoka. Alitaka mtu huyu arudi, hata akija na ugomvi, na sasa amelichafua kimbilio lake kwa kulifua. Labda keshatafuta mwamba mwingine.

Jumatatu alfajiri, alikuwa anafunga kitambaa kichwani, mfuko wenye nguo za mwisho uko miguuni pake, mlango ukafunguliwa. Mume aliingia na unga kwenye nyusi. Kwapani alikuwa na gunia. Akaliweka mezani kwa uangalifu, halijafunguka, akavuta kiti akakaa.

"Hili limekunjwa na wewe," alisema.

"Kwani mji huu una mwingine anayekunja hivyo?"

"Nililala chini jana. Sikutaka kulifungua."

Wote wawili wakalitazama gunia, maana hawakuzoea kuongea wamekaa.

"Kwa nini hukuniambia?" Pembe akauliza. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyopanga. "Mahali kama pale. Kwa nini ulikaa napo peke yako?"

Mume akajifuta uso, unga ukahamia shavuni. "Nilitaka nikupeleke. Nilivyopaona tu, niliwafuata njiwa wanaokula makombo nyuma ya kiwanda, kitu cha kwanza nilisema nitamleta mama watoto. Lakini nikasema nikuchukue siku ambayo hujachoka. Pale panataka kutembea. Basi nikawa naingoja hiyo siku."

Pembe akausukuma mfuko wa nguo nyuma ya miguu yake.

"Na wewe," mume akaendelea, akitazama mezani, "nguo zako kwenye kamba zimepungua."

"Ziko kwa dada."

"Najua."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu gauni la maua."

Gauni la maua lilikuwa la kwanza kabisa kuhama. "Ukajua, na hukusema kitu?"

"Niseme nini? Nilikuona unavyopumua usingizini zile siku zangu za mapumziko. Nikasema labda kule kwa dada yake atapumzika. Nami nilikuwa nimechoka, mama watoto. Nilichoka mpaka nikashindwa kukuomba ubaki."

Nje kulianza kupambazuka. Upande wa pili wa ukuta fundi wa vyuma alifungua makufuli yake, akakohoa, akaburuta kitu kizito sakafuni. Kisha ile mashine ikaanza, na vikombe vikatetemeka kabatini. Jumamosi, akifua bombani, Pembe aliisikia kwa mbali tu; ndani ya nyumba alikuwa hajawahi kuisikia. Ilimwingia kwenye meno. Akamwangalia mume wake, ambaye hata hakushtuka, akaona macho yalivyokuwa mekundu, akataka kuomba radhi kwa yale maneno ya siku ile.

Badala yake akainuka. Akaenda chumbani, kwenye kitanda alichokwisha kukitandika, akakamata shuka pembe moja akalivuta. Pembe zote zikachomoka. Akalibeba kifuani likiwa limevurugika vilevile, akarudi.

"Twende," alisema.

"Wapi? Kazi je?"

"Leo mashuka ya watu yatafuliwa na watu."

"Lakini umechoka."

"Nimechoka sana," Pembe alisema. "Twende hivi hivi."

Walipita nyuma ya karakana na ghala la saruji, polepole, hakuna aliyemhimiza mwenzake. Njiani simu ya Pembe ikalia. Alikuwa dada, anauliza kama analeta mfuko. Akamjibu kwamba nguo zake zote atakuja kuzifuata, akaizima kabla swali la pili halijafika. Kwenye ufa mume alitangulia, akampa mkono, na kule chini njiwa walikuwa wameshaanza kunywa.

Shimo la mchanga lilikuwa moja. Mume akapiga magoti, akaanza kulipanua kwa mikono yake ya kukandia unga, na Pembe akatandaza shuka juu yake. Lilikaa limepinda, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na pembe zake akaziacha hapo mchangani kama zilivyoanguka.